Maswali ya Wasomaji: Miti ya Juni, Milingoti ya Chemchemi na Mhuri wa Mwenyekiti

Ndugu wahariri, habari za kazi. Kikundi chetu cha mazingira hupanda miti kila Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, na mgeni rasmi huwa anafika. Mwaka jana tulipanda miche 2,000, lakini ilipofika Oktoba mingi ilikuwa imekauka. Tumekosea wapi?
*Katibu wa kikundi, Mafinga*

Mmekosea mwezi. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Rungwe na Kyela ndiko mvua huendelea hadi Mei na zaidi. Ikifika Juni 5 udongo wa juu kwenu umeanza kukauka, na usiku wa Juni na Julai sakitu (umande ulioganda kwa baridi kali) huanguka mabondeni. Mche uliopandwa siku hiyo unaingia kwenye miezi mitano ya kiangazi wakati mizizi yake haijatoka hata nje ya umbo la kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche). Kwa Mafinga, hata Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, imechelewa.

Pandeni kati ya Desemba na mwisho wa Januari. Mvua mbili tatu za Novemba zisiwadanganye. Chimbeni sentimita 30, mchukue udongo wa chini, mwufinyange kiganjani. Ukishikamana, anzeni. Ukimomonyoka, subirini.

Juni 5 msiifute. Ni siku nzuri ya kuanzisha kitalu, na mgeni rasmi anaweza kusia mbegu badala ya kushika jembe kwa ajili ya picha. Misindano na mikaratusi ikisiwa Juni huwa tayari kupandwa Desemba. Baadhi ya miti ya asili huhitaji karibu mwaka, kwa hiyo hiyo ianzeni mapema zaidi. Mkitaka miche 2,000 shambani, otesheni 2,500, kwa sababu kitaluni lazima mingine ife au iwe dhaifu. Viriba vya inchi 4 kwa 6 vinatosha. Changanyeni madebe matatu ya udongo wa juu wa msituni, moja la mchanga na moja la samadi iliyooza kabisa. Kwa viriba 2,500 mtahitaji mita ya ujazo moja na ziada kidogo, takriban matoroli 20. Samadi mbichi huunguza mizizi, na ni sababu mojawapo ya miche kuwa njano ikingali midogo.

Jengeni kichanja cha nyasi juu ya vitalu kuzuia sakitu. Kuanzia Oktoba punguzeni nyasi kidogo kidogo, na maji pia, ili miche izoee jua kabla ya kwenda shambani. Mizizi ikianza kutoboa chini ya viriba, nyanyueni viriba na muikate. Mkiiacha ikashika ardhini, siku ya kuhamisha mtang'oa mche na kuacha nusu ya mizizi kitaluni.

Siku ya kupanda, safisheni duara la mita 1, chimbeni shimo la sentimita 30 kwa 30, udongo wa juu mkiuweka pembeni ili urudi kwanza. Chaneni kiriba na mkitoe chote. Katika hafla zenye watu wengi hapa ndipo miche hufa: wageni huifukia na plastiki yake, mizizi huzunguka humo humo, na mwaka unaofuata mti huanguka kwa upepo mdogo. Mpeni mtu mmoja kazi ya kukusanya viriba kwenye gunia. Idadi ya viriba ndani ya gunia ilingane na idadi ya miche. Shina liwe usawa uleule liliokuwa nao kwenye kiriba, kisha mkandamize kwa kisigino.

Baada ya wiki nne hesabuni iliyokufa na mpande mingine mahali pake, ikiwa mvua bado ipo. Palizi ya kwanza ifanyike Machi, ya pili Mei. Kabla Julai haijaisha, limeni njia ya moto yenye upana wa mita 5 hadi 10 kuzunguka shamba zima, maana moto wa Agosti hadi Oktoba hauulizi mti umepandwa na nani. Na katika taarifa ya mwaka andikeni miti iliyo hai. Iliyopandwa ni hesabu ya miche tu.

Chemchemi ya kijiji chetu imezungukwa na milingoti (mikaratusi) ya wanakijiji na maji yanapungua kila kiangazi. Vijana wanataka kuing'oa yote kwa siku moja. Wenye miti wamekasirika.
*Mjumbe wa kamati ya maji, Rungwe*

Vijana wana hoja, ila njia waliyoichagua italeta ugomvi na mmomonyoko. Mlingoti haukauki majani kiangazi, unakua haraka, na mizizi yake huenda chini sana. Unaendelea kuvuta maji miezi ileile ambayo chemchemi haipati chochote kutoka juu. Kwenye shamba lake mwenyewe, mbali na maji, ni mti wenye faida kubwa ya nguzo na kuni. Kasoro ni mahali ulipo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Pimeni mita hizo kwa kamba, mbele ya wenye miti na mtendaji wa kijiji, na mweke alama. Kisha halmashauri ya kijiji iwape wenye miti muda ulioandikwa kwenye muhtasari, kwa mfano kiangazi kimoja, wavune na kuuza miti yao wenyewe. Mtu aliyepata pesa ya nguzo zake hatarudi usiku kukata miti mliyopanda ninyi. Rungwe iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi yake iko Tukuyu. Wapelekeeni muhtasari mapema. (Wasomaji wa Iringa mna Bonde la Rufiji, na wa Mbeya mjini Bonde la Ziwa Rukwa.)

Msing'oe visiki. Kukwatua visiki kwenye mteremko wa chemchemi kunapeleka tope moja kwa moja kwenye jicho la maji. Kateni chini kabisa, bandueni gome la kisiki hadi ardhini, na kila machipukizi yanapotokea myaondoe yangali chini ya sentimita 30. Itabidi mrudie mara nyingi. Mlingoti uliokatwa mara moja na kuachwa hutoa mashina matatu manne badala ya moja. Vichaka vya asili na nyasi viacheni, ndivyo vinavyoshika udongo hadi miti mipya isimame. Mvua zikianza, pandeni miti ya asili kama mivengi na mikuyu. Ng'ombe wajengewe birika chini ya chemchemi, maji yaende kwa bomba, na eneo la juu lizungushiwe uzio wa miti hai.

Shikamooni. Mwenyekiti wetu ni mzee aliyeanzisha kikundi, tunamheshimu sana. Lakini mhuri, daftari na pesa zote ziko kwake, tena kwenye simu yake. Tutaanzaje bila kumvunjia heshima?
*Mwanakikundi, Njombe*

Marahaba. Anzeni na pesa, na mkiongea naye tumieni sababu inayomlinda yeye. Pesa iliyo kwenye laini ya mtu kisheria inaonekana ni yake. Mungu akimchukua leo, itaingia kwenye mirathi, na familia yake ndiyo itakayobeba lawama. Watumeni wazee wawili wa rika lake wamweleze hilo nyumbani, kabla ya mkutano wowote. Kumshtukiza mkutanoni ni kumvunjia heshima hata kama hoja ni ya kweli.

Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu wasio wa ukoo mmoja, na kila utoaji uwe na saini za wawili. Mhuri ukae kwa katibu, stakabadhi na fedha ndogo kwa mweka hazina, pamoja na kiwango cha juu cha fedha taslimu anachoruhusiwa kubaki nacho. Makabidhiano yaandikwe: daftari ngapi, mhuri, vifaa, salio; watie saini wote wawili mbele ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kwenye katiba wekeni vipindi, kwa mfano miaka mitatu, visizidi viwili. Mzee apewe nafasi ya mlezi wa kikundi: anafungua mikutano, anasuluhisha, hatii saini benki. Wengi wakielezwa hivi huona wametuliwa mzigo.

Tunaandaa siku ya utamaduni na mbegu za asili, na ing'oma, ngoma zetu za Kinyakyusa, zitapigwa. Tufanye lini?
*Dada wa Tukuyu*

Mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Agosti vikundi viko Nane Nane viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, na Novemba watu wako shambani. Mbegu zibadilishwe asubuhi, ngoma mchana. Zikigongana, meza za mbegu hubaki na bibi wawili tu.

Kila mbegu iwe kwenye bahasha ya karatasi yenye jina lake la nyumbani, kijiji na mwezi wa kuvuna. Kwa mahindi, tikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo kavu. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mbegu bado ina unyevu. Viazi mviringo msivibadilishane kabisa, kwani ugonjwa wa mnyauko husafiri ndani ya kiazi kinachoonekana kizima. Na mbegu mpeane bure, msiuze: biashara ya mbegu inasimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu.

Naweza kuchimba okidi za Kitulo nipande nyumbani?
*Msomaji, Mbeya*

Hapana. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na okidi zake tayari zimeumizwa na uchimbaji wa viazi vyake vinavyouzwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko. Tena hutegemea kuvu wa udongo ule, hivyo nyumbani zitakufa. Nenda ukaziangalie kati ya Desemba na Machi.