Kabla hujakata tiketi ya Dar, chonga kibao

Haupiti mwezi bila kijana kuniuliza: "Kaka, nihamie lini Dar?" Anachora vizuri, ameuza picha mbili tatu kwa wageni wanaopita kwenda hifadhi ya Gombe, na sasa anaona Kigoma imemwishia. Simkatazi mtu kusafiri. Ila huwa namuuliza kwanza kama ana kibao hata kimoja cha kuchapia picha alichochonga. Wengi hawana.

Mimi mwenyewe nilichora picha za rangi tu kwa miaka sita. Picha moja ilinichukua wiki tatu. Nikipata mnunuzi nalipa kodi, nikikosa nakwenda kuandika mabango ya maduka mtaani Mwanga. Kilichoniuma zaidi ni kwamba picha ikiondoka imeondoka. Ile niliyoipenda kuliko zote, ya stesheni yetu ya reli asubuhi na mapema, niliiuza shilingi 80,000 mtoto alipougua. Leo sijui iko ukuta gani.

Chapa ndiyo iliyonitoa huko. Unachonga kibao, unakipaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu, unaisugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao, unaibandua taratibu. Kibao kimoja nachapa nakala 30, kila moja shilingi 25,000. Piga hesabu mwenyewe. Tena kwa bei hiyo mnunuzi si mgeni peke yake. Nesi ananunua, mwalimu ananunua, na mwenye boti pale Kibirizi amening'iniza yangu sebuleni kwake. Msanii anayenunuliwa na majirani zake halali na njaa watalii wasipokuja.

Vifaa visikutishe. Chukua mwavuli mbovu, toa njiti zake. Zile zenye mfereji katikati ukizikata, ukazinoa mdomo na kuzitia mpini, unapata patasi nzuri ya mistari myembamba. Nne zangu zilitengenezwa hivyo na bado nazitumia. Kwa ubao, pita kwa seremala umwombe masalia ya mninga. Mpingo usiuguse, mgumu mno. Mkono ukiwa bado mchanga, anza na MDF, ule ubao laini wa kiwandani. Wino tafuta ule wa mafuta, wa mashine za uchapaji. Wino wa maji kwa jua letu la kiangazi hukauka kwenye kibao kabla hujafika na karatasi. Wa mafuta nao masika hukaa siku kadhaa bila kukauka, kwa hiyo usiahidi kazi ya haraka mwezi wa nne.

Kuona, hata hivyo, ndiko kugumu kuliko vifaa. Mchoraji wa rangi amezoea kuongeza, na kwenye kibao unaondoa tu: ulipokata hapashiki wino, panatoka peupe. Mimi nilielewa usiku mmoja Katonga, mwezi haupo, wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao. Ziwa lote jeusi, na kila taa imechora kamstari kanakotetemeka hadi karibu na mchanga. Nikajiambia: kile kistari ndicho natakiwa kukikata. Giza lipo tayari, ni ubao wenyewe. Nilirudi nyumbani nikakata taa kumi na moja, sikugusa kingine chochote, na ile ndiyo chapa yangu ya kwanza ambayo watu walisimama mbele yake kimya. Ukitaka kuona mtu aliyeijua lugha hii ya nyeusi na nyeupe, tafuta kazi za John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki 1987. Alichonga kanisa, vita, upweke wake mwenyewe, na maneno akayachonga humo humo ndani ya picha.

Kwa habari ya maneno: yachonge kinyume. Nilitumia siku nne kuichonga meli ya Liemba na matundu yake yote, nikachapa, jina likatoka nyuma mbele. Siku hizi nashika kioo mbele ya kibao kabla patasi haijagusa herufi.

Sasa neno ninaloliona zito kuliko yote. Kila nakala unaandika namba yake kwa penseli pembeni, kama 12/30, na sahihi yako. Ile 30 ni ahadi kwamba nakala hazitazidi hapo. Mimi niliivunja. Nakala zilikwisha, nyumba moja ya wageni ikataka kumi, nikachapa kumi nyingine na kurudia namba zilezile. Miezi michache baadaye mwalimu mmoja, mtu mzima niliyemwamkia shikamoo kila siku, alilala kwenye nyumba ile akaikuta 12/30 ukutani, nayo 12/30 iko kwake. Hakunigombeza. Aliniletea yake imefungwa kwenye gazeti, akasema, "Mwanangu, nilidhani ninayo moja." Nilimrudishia pesa, nikazinunua zile kumi na kuzichoma. Ilinichukua mwaka mzima kabla hajaingia tena karakanani kwangu.

Tangu siku hiyo nina daftari: jina la chapa, idadi, tarehe, nani amechukua namba ipi. Nakala ya mwisho ikikauka, nachukua patasi pana na kukata mstari kuanzia pembe hadi pembe ya kibao ili kisitumike tena, halafu nachapa karatasi moja yenye jeraha hilo na kuibandika kwenye daftari. Mara ya kwanza mkono uligoma.

Dar nenda, lakini nenda na mzigo. Chapa 20 zinaingia kwenye bomba moja la plastiki, ukizikunja pamoja na karatasi laini katikati. Bomba hilo unalilaza nyuma ya kichwa chako kwenye treni zaidi ya kilomita 1,200 bila wasiwasi. Picha yangu ya turubai niliyowahi kuisafirisha ilifika imetobolewa na kona ya sanduku la mtu. Na ukifika, usiache zote huko. Acha kumi, uandikiane risiti, nyingine rudi nazo, maana nesi wa Kigoma naye anasubiri yake.