Kabla hujapanda basi kwenda kituo cha jenereta

Mdogo wangu, vijana wengi hupita hapa dukani kwangu Gerezani, Kariakoo, orodha ya spea mkononi na barua ya ajira mfukoni. Hapa Dar wamezoea jenereta ya akiba: umeme ukikatika inanguruma saa mbili, kisha inalala. Huko uendako hiyo ndiyo umeme wenyewe. Ikizima, mji wote umezima, wala hakuna gridi ya kukubeba.

Wote wanaogopa mzigo mkubwa wa umeme kwenye mashine. Wewe ogopa mdogo. Usiku wa manane watu wamelala, mashine ya kilowati 500 inabeba 80 tu. Silinda hazipati joto, dizeli haiungui yote. Ikishapoa, pitisha kidole kwenye maungio ya ekzosi: utakuta utelezi mweusi kama lami. Ikiendelea hivyo kwa miezi, nozeli zinazonyunyizia dizeli zinaziba na mashine inaanza kula oili. Usiiache muda mrefu chini ya asilimia 30. Usiku washa ile ndogo.

Kuhamisha mzigo toka mashine moja kwenda nyingine bila kuzima umeme, hapo ndipo mikono hutetemeka. Linganisha volti za mashine zote mbili kwanza, halafu hezi 50, kisha tazama ile sindano ya paneli inayoonyesha kama zinakwenda pamoja. Izunguke polepole kuelekea mshale wa saa unakokwenda, nawe ufunge swichi inapokaribia juu kabisa, pale saa sita. Ukifunga ovyo, kishindo chake utakisikia kwenye meno.

Mimi nilipokuwa kituoni kama wewe, kosa langu lilikuwa maji kwenye dizeli. Lori lilishusha mafuta mchana, sikuyapa muda yatulie. Saa nne usiku injini ikaanza kukohoa, ikazima, na zahanati ilikuwa na chanjo kwenye friji. Tangu hapo, kila asubuhi nilifungua koki ya chini ya tangi na kukinga kwenye chupa ya kioo. Maji hukaa chini, dizeli juu, unayaona kwa macho.

Kila zamu gawanya uniti ulizozalisha kwa lita ulizotumia. Mashine nzima hutoa kama uniti 3 hadi 4 kwa lita. Ikishuka hadi 2, ama nozeli zimechoka ama kuna mtu anakunywa dizeli (usimtaje mtu kabla hujapima tangi mwenyewe kwa kijiti).

Na filta, nunua kwa namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani. Muuzaji akikwambia "hii inaingia tu, bosi", hata akiwa mimi, mrudishie.