Kutoka King's Cross hadi Buiko

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kwamba familia inayokaa ng'ambo kwa muda mrefu iache siku ngapi bila matembezi, limenigusa panapouma. Mwaka 2023 tulikaa Uingereza wiki tano, watu watano, na hadi leo mimi na mume wangu hatujaafikiana kuhusu siku moja tu kati ya hizo zote. Yeye huiita siku iliyopotea. Mimi nashikilia kwamba ndiyo siku ambayo fedha yetu ilirudi yote.

Tulifikia kwa mdogo wangu Leicester, tukiwa na ratiba iliyoshindiliwa kama gunia la kahawa, kwa kuwa anayetoka Moshi akahangaikia viza na nauli za watu watano huona kila saa ya kukaa bure ni hasara. Baada ya siku tatu za London, tulipanda treni kituo cha King's Cross kwenda Edinburgh, mwendo wa saa nne na nusu hivi, na tulikuwa tumeshalipia tiketi za kuingia kwenye ngome ya mji huo saa kumi jioni ileile.

Tulikaa wanne kwenye meza moja, mume wangu upande wa pili wa ujia. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, alikuwa dirishani, chupa ya chai ya tangawizi magotini, na hadi Peterborough hakuna aliyesema neno. Ndipo mwanangu mdogo, wa miaka tisa, alipomwuliza: "Bibi, wewe ulishawahi kupanda treni?"

Mama aliweka kikombe chini. Alisema kwamba mwaka 1965 alitoka Marangu kwenda kusoma Korogwe, akapanda treni Moshi kwenye reli ileile iliyofikishwa na Wajerumani mwaka 1911, akiwa na sanduku la bati na ndizi za kuchoma alizofungiwa na mama yake katika jani la mgomba. Mtoto alitaka kujua vituo. Mama alianza kuvihesabu kwa kukunja vidole, akianza na kidole kidogo: Kahe, Lembeni, Same, Buiko. Hapo Buiko alinyamaza, kidole gumba kikiwa bado kimesimama, na sote tulimngoja, hata mume wangu, mpaka aliposema taratibu: "Mkomazi. Halafu Mombo. Halafu Korogwe." Mtoto aliviandika kwenye mfuko wa karatasi uliokuwa na mikate, na pembeni yake akaanza kuandika vituo vyetu: Peterborough, York, Darlington, Durham, Newcastle. Baada ya Newcastle bahari ilijitokeza mkono wa kulia. Pale Berwick tulivuka mto Tweed juu ya daraja la mawe la mwaka 1850, lenye matao 28, na Mama alishika mkono wa mjukuu wake mpaka tukamaliza kuvuka. Nina miaka 46, na habari ya sanduku lile la bati sikuwahi kuisikia.

Tulipofika, Mama alisema, "Nendeni tu, mimi nimeshasafiri vya kutosha leo." Hakuna aliyekwenda. Tiketi za ngome ziliharibika, na siwezi kumlaumu mume wangu kwa kuzikumbuka, maana ndiye aliyezilipa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwashauri wasomaji waache siku moja tupu katika kila siku nne. Hata hivyo, lazima niseme ukweli kwamba tuliporudi Leicester tulilijaribu hilo. Tulitenga siku ya kupumzika, na kabla ya saa sita watoto walikuwa wanagombea chaja, mume wangu anahesabu matumizi, mimi nafua, naye Mama amekaa na koti lake mwilini akiuliza, "Leo tunakwenda wapi?" Ule utulivu wa treni haukutokana na mapumziko. Ulitokana na kwamba hakuna aliyekuwa na jambo la kuchagua wala pa kwenda, mpaka treni ifike.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba msiache hata siku moja tupu, isipokuwa mna mgonjwa au mtoto mchanga, ila pale penye ndege ya mwendo wa saa moja na treni ya mwendo wa saa nne na nusu, chagueni treni, mnunue tiketi mapema kwa sababu huwa rahisi zaidi, na siku hiyo msilipie kitu kingine chochote. Kwa mzee mwenye magoti mabovu sina hakika, kwani Mama aliamka kesho yake miguu imevimba.

Ule mfuko wa karatasi umebandikwa kwenye kabati letu la vyombo hapa mtaa wa Soweto, Moshi. Mwezi uliopita Mama alishuka kutoka Marangu, akausoma kwa muda mrefu, akasema Makanya imesahauliwa, akaomba kalamu.

Msomaji wenu, Moshi