Kitwitwi mweupe wa Malindi ni yupi?

Swali: Naishi Embakasi, na ndege wa majini nimezoea kuwatazama kwenye mabwawa ya Ruai. Januari nilipiga picha Malindi ya kitwitwi mweupe, miguu myeusi, akikimbizana na mawimbi. Wenzangu wanasema ni Calidris minuta, yule yule wa Ruai. Nimtambueje, na nikirudi nimtafute wapi?

Jibu: Tabia hiyo ni ya Calidris alba, ambaye watazamaji humwita sanderling. Lakini mbio peke yake hazitoshi. Kuza picha uangalie mguu: alba hana kidole cha nyuma, ana vitatu vya mbele basi. Minuta anacho, kidogo sana. Kama mguu umefichwa na maji, tazama pale bawa linapokunjika. Alba ana doa jeusi hapo, ila manyoya ya kifua hulifunika mara nyingi, kwa hiyo kutoliona si ushahidi. Urefu wake ni sentimita 20 hivi, minuta 13. Tofauti kubwa, lakini ndege akiwa peke yake macho hudanganya.

Anayewaponza wengi ufuoni ni mwingine kabisa: Charadrius marginatus, mkazi wa mchangani mwaka mzima. Huyu hukimbia, husimama ghafla, hudonoa, kisha huondoka tena. Mdomo mfupi, jicho kubwa, mgongo wa rangi ya mchanga. Alba hatulii: wimbi likirudi baharini analifuata akidonoa, likija anatimua mbio mbele yake. Ukimwona akirukaruka kwa mguu mmoja, usidhani amevunjika. Mguu wa pili ameukunja tumboni.

Nenda kati ya Septemba na Aprili. Anza mlangoni mwa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, maana alba hupenda mchanga wazi. Hori ya Mida, kusini ya Malindi, ni tope na mikoko, utapata zaidi minuta na Calidris ferruginea mwenye mdomo uliopinda.

Kisha angalia jedwali la maji. Yakipwa kabisa ndege hutawanyika mbali, darubini ya kawaida ya 8x42, inayokuza mara nane, haiwafikii. Fika maji yakiwa yanajaa, yawasukume kwako. Ufuo unatazama mashariki, hivyo asubuhi jua linakupiga usoni na kila ndege ni kivuli. Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa kama saa kumi alasiri, jua likiwa mgongoni. Kila siku inayofuata yanachelewa dakika 50 hivi. Kwenye kamera ongeza mwanga +0.7, la sivyo mchanga mweupe utaihadaa na alba atatoka wa kijivu kizito.