Ushuhuda si riwaya: kwa ndugu mpya aliyesikia wito wa kuandika

Kila tunapopokea miswada mipya ya hadithi za Kikristo, kisa ni kile kile. Kurasa 180, juu kabisa pameandikwa "Kazi hii nimepewa na Roho Mtakatifu", na ikifika sura ya 18 mhusika anapita karibu na mkutano wa injili, analia, anaokoka. Sura ya 19 kila kitu kimenyooka. Wapendwa, tunawapenda na wito wenu tunauheshimu. Kwa hiyo tutasema bila kuzungukazunguka.

1. Wito haukuondolei rasimu ya pili. "Bwana amenipa hivi hivi, msiguse" ni sentensi iliyoua miswada mingi kuliko ukosefu wa kipaji. Luka anaanza Injili yake kwa kusema kwamba alijitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo, ndipo akaandika kwa taratibu. Na someni Yeremia 36. Baruku, mwandishi wa nabii Yeremia, aliandika gombo zima kwa wino, mfalme Yehoyakimu akawa analikata kwa kisu kila ziliposomwa safu tatu nne, akalitupa motoni. Yeremia akaanza upya, Baruku akaandika tena, na mstari wa 32 unasema maneno mengine mengi yakaongezwa. Nabii aliandikisha mara mbili. Wewe ukiambiwa uandike mara tatu, usinung'unike. Maliza rasimu, ifungie kabatini wiki tatu, kisha isome kwa sauti. Pale ulimi unapojikwaa, sentensi ni mbovu.

2. Tulia hapa, maana hili ndilo kosa lenyewe. Mwandishi mpya anaandika ushuhuda akidhani anaandika riwaya. Si ajabu, ushuhuda ndio usimulizi tuliokulia makanisani. Tangu uamsho wa miaka ya 1930 uliotokea Gahini, Rwanda, na Uganda, ukasambaa hadi Kenya na Tanganyika, walokole wametuzoeza umbo moja: nilikuwa hivi, Bwana akanikuta pale, leo mnaniona. Ni umbo zuri. Lakini nguvu yake inatoka kwa mtu aliyesimama mbele yenu. Mnamjua. Mlikuwa mkimwokota mtaroni akitoka kilabuni, leo ameshika Biblia na shati limepigwa pasi. Mwili wake ndio ushahidi, kwa hiyo akisema "basi nikaokoka" watu wote wanaitika amina. Riwaya haina mtu wa kusimamisha. Msomaji ana karatasi tu mkononi, na karatasi ikimwambia "basi akaokoka" hana cha kushika.

Tena mwisho wa ushuhuda unajulikana kabla haujaanza: anayesimulia amepona, yuko hapo mbele na kipaza sauti. Riwaya inaishi kwa kutojua.

Chukua mhusika, tumwite Elibariki, mweka hazina wa SACCOS ya kijijini. Amechota shilingi milioni 2. Kuanzia sura ya kwanza msomaji anajiuliza: atagundulika lini? Mke wake atasemaje? Wale akina mama waliokuwa wakiweka elfu tano tano watapata chao? Ni maswali mazuri, ya fedha na ya ndoa. Mwandishi mpya anayajibu hivi: sura ya 18 Elibariki anaongozwa sala ya toba, sura ya 19 wanachama wanamsamehe na mke analia kwa furaha, sura ya 20 Elibariki yuko kwenye kwaya, sauti ya tatu. Swali lilihusu fedha, jibu limekuja kuhusu mbingu. Msomaji asiyeamini anajiona ametapeliwa. Anayeamini naye anaumia, kwa sababu anajua marejesho ya mkopo hayafutiki kwa sala, na anajua neema iliwagharimu nini wale aliowaona kanisani kwake.

Dawa ni kuuhamisha wokovu. Kama riwaya ina sura 20, mwokoe Elibariki sura ya 6 au ya 7, halafu uuache wokovu umpe kazi. Zakayo, katika Luka 19:8, anaahidi kurudisha mara nne. Piga hesabu: milioni 2 mara nne ni milioni 8. Anazitoa wapi? Shamba ni la mama yake. Mke anataka kujua kwa nini pikipiki inauzwa. Mwenyekiti, ambaye naye alichota, anamsihi anyamaze, tena anamfungulia Warumi 13 kuhusu kutii wenye mamlaka. Mzee wa kanisa, mtu mwema kabisa, anamshauri aongee na Mungu wake tu yaishe. Ongeza binti anayesubiri ada ya kidato cha tano. Hapo una sura 13 za kuandika, neema ikiwa kazini katika kila moja bila mtu yeyote kupanda mimbarini.

Mkitaka kuona fundi akifanya kazi hii, ni Nathani katika 2 Samweli 12. Hadithi yake ina mistari minne. Ndani yake kuna mwanakondoo jike mmoja aliyekula chakula cha maskini, akanywea kikombe chake, akalala kifuani pake. Nathani hataji uzinzi wa Daudi wala damu ya Uria, mume aliyeuawa kwa amri yake. Daudi mwenyewe ndiye anayewaka hasira, na ndiye anayetaka tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo huyo alipe mara nne. Hukumu ikishatoka kinywani mwa mfalme, ndipo nabii anapomwambia ni yeye. Angeanza kwa mahubiri, Daudi angekuwa na utetezi tayari. Kilichomnasa ni kile kikombe. Kabla ya kuandika tukio la dhambi au la toba, tafuta kikombe chako: kitu kimoja kidogo, cha kushikika, ambacho msomaji anacho nyumbani kwake.

Na msiogope kwamba ujumbe utapotea msipoufunga kwa kamba. Katika Luka 15 kaka mkubwa wa mwana mpotevu amesimama nje, ngoma inalia ndani, baba ametoka kumsihi, na Yesu anaishia hapo. Hatuambiwi kama aliingia. Kitabu cha Yona nacho kinaisha kwa swali.

3. Kila kanisa lina lugha yake, na msomaji anakugundua katika ukurasa wa pili. Mkatoliki ana padre, parokia, kigango, katekista, misa na jumuiya ndogondogo. Mlutheri ana mchungaji, usharika, mtaa na mwinjilisti. Msabato ana makambi na Shule ya Sabato, na ibada yake ni Jumamosi. Mpentekoste ana mkesha, maombezi na upako. Bibi wa parokiani "kuongozwa sala ya toba" ni kioja. Huyo anakwenda kuungama kwa padre. Chagua kanisa moja, kahudhurie ibada nne mfululizo, sikiliza matangazo kuliko mahubiri. Kwenye matangazo ndiko kuna michango, ndoa, misiba na ugomvi wa kwaya.

4. Sala ndefu ruka. Petro alipokuwa anazama alisema "Bwana, niokoe", maneno mawili, Mathayo 14:30. Mistari nayo isiwe jibu la kila tatizo. Kumbukeni jangwani Ibilisi naye alinukuu Zaburi ya 91. Chagua tafsiri moja, Union Version ya 1952 au Habari Njema, na uitaje kwenye kurasa za mwanzo. Ukinukuu vipande virefu, omba ruhusa ya chama cha Biblia.

5. Ulichosikia kwenye maombezi si malighafi. Dada akilia kuhusu ndoa yake kwenye kikundi cha sala, ukambadilishia jina na wilaya, kanisa zima bado litamjua. Usifanye hivyo kabisa.

6. Hesabu. Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 24 ni maneno 60,000. Ukurasa wa A5 unabeba kama 280, kwa hiyo ni kurasa 214 hivi. Wachapaji wengi hukunja karatasi kwa mafungu ya kurasa 16, basi panga 224, na zile zinazobaki ziwe za jina la kitabu, haki na shukrani. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Tanzania iombe Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa Kenya Huduma ya Maktaba ya Taifa. Muswada wape watu watatu: mmoja wa kanisani kwako, mmoja asiyekwenda kanisani kabisa, na mhariri unayemlipa. Mchungaji mwombe akague mafundisho, mtiririko wa hadithi mwachie mhariri. Mchapaji akikupa nakala ya majaribio, kaa na Biblia mezani ufungue kila andiko ulilotaja, sura na mstari, moja baada ya jingine, kabla hujamruhusu kuwasha mashine.