Usiku wa zege: kwa anayekuja kujitolea mara ya kwanza

Mgeni wa saiti hupewa ndoo ya maji. Wazoefu wanashika makoleo, vijana wenye mabega wanasukuma matoroli, na wewe unaambiwa usimame kwenye pipa uchote. Inaonekana kama kazi ya kumpumzisha mtu. Kumbe hapo penye pipa ndipo zege linapopata nguvu au kuikosa, na fundi mkuu yuko ng'ambo anapiga rula, yaani anasawazisha zege kwa ubao mrefu, hakuoni.

Chukua darasa la mita 9 kwa 7, jamvi, yaani zege la sakafu, la unene wa sentimita 10. Hizo ni mita za ujazo 6.3, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4) zitakula mifuko 40 hivi ya saruji ya kilo 50. Mchanga, kokoto na mikono vimetoka kijijini. Saruji imetoka kwenye fedha ya mradi na haina nyongeza. Usiku huchaguliwa kwa sababu watu wameshatoka shamba, na pia kwa sababu jua la mchana hukausha uso wa zege kabla chini hakujashika, zikatokea nyufa nyembamba kama za tope la bwawa lililokauka.

Vipimo ni kwa boksi, si kwa koleo. Koleo la saa 1 usiku na koleo la saa 6 usiku si koleo moja, hata kama mshikaji ni yule yule. Boksi la mbao lisilo na kitako, ndani sentimita 30 kwa 30 na kimo 40, linabeba lita 36, karibu sawa na mfuko mmoja wa saruji. Kwa kila mfuko: maboksi 2 ya mchanga, 4 ya kokoto, yapigwe ubao juu yasifanye kichuguu. Mchanga na saruji vigeuzwe vikavu, juu ya bati au sakafu ngumu, mpaka rangi iwe moja, kisha kokoto, kisha shimo katikati, ndipo wewe uitwe.

Maji yote ya mfuko mmoja ni lita 25 hadi 28. Mimina ndoo moja ya lita 20, kinachobaki ongeza kwa kopo la lita 1 huku zege likigeuzwa. Ila angalia mchanga kwanza. Ukiwa umenyeshewa au umelala na umande, maboksi yale mawili yanaweza kuwa na lita 5 za maji ndani yake tayari, na hizo lazima uzitoe kwenye hesabu yako. Zege sahihi ukilichora kwa ncha ya koleo, mfereji unabaki. Mfereji ukijifunga wenyewe, umezidisha. Kokoto zikibaki kavu na kukataa kushikana, umepunguza.

Kuanzia saa 5 hivi utaanza kusikia, "Mwalimu wa maji, ongeza bwana, zege zito!" Zege halijabadilika, mikono ndiyo imechoka. Lita 10 za ziada kwa mfuko huondoa karibu theluthi ya nguvu, kwa sababu maji ambayo saruji haikuyatumia hukauka na kuacha vitundu ndani. Na baya zaidi, zege la maji mengi huonekana zuri usiku: linatandazika lenyewe, linang'aa chini ya taa, kila mtu anasifu. Jibu lako ni moja: fundi abadilishe watu wa makoleo. Mwenye ruhusa ya kubadilisha maji ni yeye peke yake, na aitamke mwenyewe.

Kosa la pili la usiku ni kuruka mfuko. Kelele zimepanda, watu wanageuza, na rundo moja linakwenda bila saruji kabisa. Gizani mchanga mbichi na zege vinafanana. Dawa yake ni rahisi: kila mfuko ukichanwa, karatasi yake tupu iwekwe chini ya jiwe pembeni ya rundo, na toroli la kwanza lisiondoke kabla mtu hajaiona. Kila mara zinapofika 5, zifungwe pamoja. Hesabu ya kichwani huishia kwenye mfuko wa 17.

Kumwaga kunaanzia kona ya mbali kuja mlangoni, kwa mikanda ya upana wa mita 2 iliyotengwa kwa mbao. Changarawe na mawe ya chini yalowe kwanza kama hakuna nailoni, yasinywe maji ya zege. Zege lililochanganywa lisizidi saa moja chini, na mkanda ulioanzwa umalizwe. Jenereta likizima au mvua ikishuka, usiache mteremko: simamisha ubao wima, kata hapo, na kesho yake ukingo huo wa zege ukwaruzwe, uloweshwe, upakwe uji wa saruji kabla ya kuendelea.

Taa ziwe mbili, juu, kutoka pande zinazoelekeana. Taa moja humfanya fundi apige rula ndani ya kivuli chake mwenyewe. Jenereta likae nje, mbali na chumba wanacholala waliomaliza zamu. Moshi wake huua mtu akiwa usingizini, hata madirisha yakiwa hayajatiwa vioo. Ukitaka kuongeza petroli, lizimwe kwanza, lipoe.

Sasa mwili wako. Saruji mbichi haiunguzi pale pale. Unapiga magoti saa 3, unahisi muwasho saa 8, asubuhi magoti yameshachubuka. Vaa suruali ndefu, buti za mvua na glavu za mpira, suruali ikiwa nje ya buti ili zege lisiingie ndani. Likiingia, vua hapo hapo uoshe kwa maji mengi safi, usingoje mapumziko. Jichoni ni maji safi mfululizo kwa dakika 20, kisha zahanati. Kwa hiyo pipa moja liwe la kunawia tu, na lisiguswe na ndoo yenye saruji.

Kazi ya makoleo huisha kabla ya mafundi. Zege hutoa maji juu, na kusawazisha kwa mwiko husubiri hayo yapotee. Atakayenyunyiza saruji kavu ili kuyanyonya anatengeneza ngozi itakayobanduka kwa mifagio ya mwaka mmoja. Acha, nendeni mkanywe chai.

Kabla ya kuondoka asubuhi, yaandikwe majina ya watakaomwagilia kwa siku 7, asubuhi na jioni, juu ya magunia au mchanga uliotandazwa. Ndoo ni ile ile ya jana, ila sasa huna haja ya kopo.