Bustani na Sindano: Masuali ya Wasomaji Mwanzo wa Masika

Barua zimekuwa nyingi mwezi huu, kama zinavyokuwa kila Machi mawingu yanapoanza kujikusanya. Nimechagua masuali sita yanayohusu kazi mbili ambazo katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba hufanywa na mikono ile ile: asubuhi kabla ya jua kali mikono hiyo imo udongoni, na alasiri mvua inapomzuia mtu ndani imeshika uzi.

Assalaamu alaykum Bibi. Kila ifikapo Machi ninaona kwenye intaneti watu wa Ulaya wakiotesha nyanya na kufuma vikapu vya maua kwa ajili ya majira yao ya machipuko. Mimi ninaishi ghorofani Michenzani, nina roshani ndogo na ndoo nne. Je, nami nioteshe tungule sasa? (Msomaji wa Michenzani)

Waalaykumu salaam, mwanangu. Tungule zisubirishe kwanza, na ndoo zako uzianzie mboga za majani. Mwenzako wa Ulaya anaotesha Machi kwa sababu baridi inaondoka na mchana unarefuka, yaani mmea wake ulikuwa unangojea joto. Sisi tuko karibu nyuzi 6 kusini ya Ikweta, ambako tofauti baina ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki dakika 45, na joto hatulikosi mwezi wowote, kwa hivyo kinachoiamsha mimea yetu ni maji. Kaskazi ikishalegea katikati ya Machi, Masika huingia, na Aprili mvua humwagika kweli kweli. Hayo ndiyo machipuko yetu, lakini tungule ni mmea usiopenda kulowa: majani yake yakishinda yameroa kwa siku kadhaa hupata mabaka ya kikahawia, na ugonjwa huo ukishapanda juu ya mmea haurudi nyuma.

Iko sababu nyengine ambayo wauzaji wa mbegu hawaitaji. Ua la tungule hushindwa kushika tunda usiku unapokuwa na joto, na usiku wa Machi kwetu mara nyingi hauteremki chini ya nyuzi 24 za sentigredi. Ndiyo maana mtu huona mmea umenawiri, umejaa maua ya njano, kisha maua yote yanapukutika. Kipupwe cha Julai na Agosti ndicho kinachoifaa tungule. Ukisia mbegu katikati ya Mei, ukahamishia miche katika ndoo baada ya wiki nne, mmea wako utachanua katika baridi hiyo na utaanza kuchuma mnamo Agosti.

Kwa sasa sia mchicha, ambao utauchuma baada ya wiki tatu au nne, na bamia, ambazo mbegu zake uziroweke usiku mmoja kabla ya kuzifukia. Pandikiza pia vijiti vya matembele na shina la mrehani. Kila ndoo uitoboe matundu matano au sita chini, maana ndoo isiyo na matundu katika Masika ni kisima. Mbegu usizisongamanishe: miche iliyobanana ikanyimwa hewa hushikwa na kinyausi, ugonjwa unaooza shina pale linapotokeza udongoni, na mche wa jana huukuta umelala. Na visahani unavyoviweka chini ya ndoo visikae na maji. Mbu humaliza kukua ndani ya maji kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hivyo vimwage kila baada ya siku tatu, kwa ajili yako na kwa ajili ya majirani wa ghorofa nzima.

Bibi, mwaka jana tungule zangu hapa Chake Chake zilinyauka ghafla zikiwa bado kijani, mche mmoja baada ya mwengine, na maji nilikuwa ninazitilia. Nini kilizipata? (Msomaji wa Chake Chake)

Mmea unaonyauka ghafla bila ya kupata unjano, na udongo wake una maji, nina dhana kubwa kwamba umepata mnyauko wa bakteria. Mwaka huu ukiona dalili ile ile, usibahatishe. Kata kipande cha shina karibu na mzizi, urefu wa kidole, ukining'inize kwa uzi ndani ya bilauri ya maji safi, ncha iliyokatwa iguse maji, usikitikise. Ukiona baada ya dakika chache kinateremka kitu cheupe kama nyuzi za maziwa, basi hao ndio bakteria wenyewe wanaotoka katika mishipa ya shina waliyokuwa wameiziba.

Hakuna dawa ya kuutibu mmea uliokwishapata ugonjwa huu, na mtu asikuuzie. Ung'oe pamoja na udongo ulioshikana na mizizi yake, uuchome au uutupe mbali na bustani, usiutie katika shimo la mbolea. Jembe na kisu uvioshe kwa sabuni na uvikaushe juani. Mahala pale usipande tena tungule, wala mbilingani, wala pilipili, wala mbatata, kwa kuwa zote ni jamaa moja na ugonjwa huzishika zote; panda mahindi au mchicha kwa misimu kadhaa. Kwenu Pemba, ambako nchi ni ya vilima na mabonde, angalia pia maji ya mvua yanakotoka, kwa sababu bakteria hawa husafiri na maji kutoka tuta la juu kuja tuta la chini, na huenda ugonjwa wako ulianzia katika konde iliyo juu yako. Chimba mfereji mdogo upande wa juu wa bustani ili maji yapite kando. Wanaokosa ardhi nyengine hupanda tungule katika ndoo zenye udongo mgeni kabisa, nami hilo nakushauri wewe.

Nataka kufuma kwa sindano ya kulabu susu la kuning'iniza vyungu vya maua uwani. Nilifuma moja kwa uzi wa pamba, likakatika kabla ya Masika kwisha. (Msomaji wa Jang'ombe)

Suali hili limenifurahisha, maana umelirudisha susu nyumbani. Wakubwa wetu walilisuka ili chakula kining'inie juu, mbali na sisimizi na paka, na wewe unataka libebe maua; kazi ni ile ile ya kushika uzito hewani kwa miezi.

Uzi wa pamba haukufai kwa kitu kinacholala mvuani, kwani hunywa maji, hukaa umeroa na huoza. Tafuta uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, unaouzwa katika maduka ya wavuvi, unene wa milimita 2 hivi, na sindano ya kulabu ya milimita 4 au 5. Uzi huo ni mgumu kwa vidole siku za mwanzo. Fuma kidogo kidogo, vitanzi visiwe vya kubana.

Anza kwa mnyororo wa vitanzi 6, uunganishe uwe pete. Ndani ya pete fuma mishono mirefu 12, ile ya kuzungusha uzi juu ya sindano kabla ya kuichoma. Mzunguko wa pili, tia mishono miwili katika kila mmoja wa ule wa kwanza, upate 24. Mzunguko wa tatu, ongeza mmoja baada ya kila mmoja, yaani mmoja, kisha miwili, kisha mmoja, kisha miwili, upate 36. Hapo una kitako kilicho tambarare. Kikijikunja kama kikombe, mkono wako umebana. Kikiwa na mawimbi, umelegeza mno. Kutoka hapo ndipo wavu unapoanza: mnyororo wa vitanzi 5, uruke mishono miwili, uufunge katika wa tatu kwa mshono mfupi, usiozungushwa uzi kwanza, uendelee hivyo mpaka uwe na matundu 12. Rudia mizunguko minne au mitano, kila mara ukifunga katikati ya tundu la chini yake, na wavu utapanda ubavuni mwa chungu. Kisha chagua tundu moja katika kila matatu, utapata sehemu nne, na kutoka kila sehemu upandishe mshipi wa mishono mifupi mitatu kwa upana, urefu wa sentimita 60, yote minne ikutane katika pete ya chuma.

Sasa uzito. Chungu cha lita 5 chenye udongo ulioroa hufika kilo 7 au zaidi, na huo ndio uliokata susu lako la kwanza ukisaidiana na kuoza. Kabla ya kutia mmea, ning'iniza susu likiwa na ndoo ya maji ya uzito huo kwa usiku mmoja. Litarefuka, nyavu zote hurefuka mara ya kwanza, na ni bora urefu huo uujue mapema kuliko chungu kije kigonge kichwa cha mtoto.

Ili kupunguza uzito, changanya udongo wako na makumbi yaliyochambuliwa, sehemu moja kwa sehemu mbili za udongo. Hapa nina la kusisitiza. Makumbi ambayo akina mama wa Jambiani na Paje huyafukia katika mchanga wa pwani kwa miezi kabla ya kusokota kamba yana chumvi ya bahari, na chumvi hiyo huunguza mizizi. Yaroweke katika maji baridi na kubadilisha maji kila siku kwa muda wa wiki, au yaweke uwani mvua ya Masika iyasuuze kwa wiki mbili. Makumbi mabichi ambayo hayakufika baharini nayo yaroweke mpaka maji yaache kuwa ya rangi ya chai.

Asumini wangu hapa Makunduchi majani machanga yanakuwa ya njano lakini mishipa yake inabaki kijani. Nimemtilia majivu, hali imezidi. Maua ya kikuba siku hizi nanunua. (Msomaji wa Makunduchi)

Acha majivu leo hii. Ardhi yenu ni ya maweni, udongo mchache juu ya mwamba wa matumbawe, na chokaa iliyomo huifunga madini ya chuma ili mizizi isiweze kuinywa. Majivu yana tabia ile ile ya chokaa, kwa hivyo ulikuwa unamuongezea mgonjwa ugonjwa. Mchukue asumini wakati huu wa mvua, mkate matawi kwa theluthi, mhamishie katika pipa lililokatwa au ndoo kubwa yenye udongo mweusi wa chini ya miembe uliochanganyika na majani yaliyooza, na umnyweshe maji ya mvua uliyoyakinga badala ya maji ya kisima, ambayo huko kwenu nayo yana chokaa. Majani ya zamani hayatarejea kijani. Mtazame kwa majani mapya.

Ndugu yangu amenirithisha hamu ya maua ya tulip ya Uholanzi. Nikiletewa vitunguu vyake, vitaota Unguja? (Msomaji wa Mwanakwerekwe)

Majani huenda ukayaona, ua hutalipata. Kitunguu cha tulip kinahitaji baridi ya chini ya nyuzi 9 kwa wiki 12 au zaidi ndipo kiumbe ua, na sisi hatuna hata usiku mmoja wa baridi hiyo. Isitoshe, mimea na vitunguu vya kupanda haviingizwi nchini bila ya kibali na ukaguzi wa afya ya mimea, sheria ambayo naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu kisiwa kikishaingiliwa na mdudu mgeni hakina pa kukimbilia. Ukilitaka tulip, lifume kwa uzi.

Nangojea mjukuu wa kwanza mwezi wa Juni, in shaa Allah. Nataka kumfumia kofia na viatu. Uzi gani, na ukubwa gani? (Bibi mtarajiwa, Wete)

Mungu amlete salama. Nunua uzi wa pamba laini, na sindano ya kulabu ya milimita 2.5 au 3. Uzi wa akriliki ni rahisi na una rangi nyingi, lakini jasho haulinywi, na mtoto wetu, hata azaliwe wakati wa kipupwe, anaishi katika joto. Kabla ya kuanza kofia, fuma kiraka cha sentimita 10 kwa 10, kifue kwa maji unayotumia kila siku, kikaushe kivulini, ukipime upya; kikipungua nusu sentimita, kofia nayo iongezee nusu sentimita kwa kila sentimita 10 zake.

Kichwa cha mtoto aliyetimia miezi yake huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi, na kofia ya kufuma hutanuka, basi sentimita 33 zinatosha. Mishono iwe ya kushikana, kwa viatu hasa, kwa kuwa kidole kidogo kikiingia katika tundu la uzi kinaweza kunyongwa na mama asijue sababu ya kilio. Usishone vifungo wala shanga, na usitie kamba ya kufungia chini ya kidevu. Mtoto akilala, mvueni kofia, kwani mtoto mchanga hupunguza joto lake kupitia kichwani.

Na kazi yako uihifadhi ndani ya foronya kavu, ukiianika kivulini kila siku ambayo jua linatoka, kwani ukungu wa Masika huanza kwa madoa meusi madogo katika uzi wa pamba, na madoa hayo hayatoki kwa sabuni wala kwa ndimu.